Kadi ya Mpiga Kura Pekee Haitoshi: Somo Kuhusu Kujiandikisha na Kupiga Kura katika Uchaguzi wa Serikali za Mitaa

Siku ya Jumatano, tarehe 27 Novemba, 2024, wananchi wa Tanzania Bara waliwachagua viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa. Kabla ya siku hiyo zilikuwapo siku kumi za kuandikisha wapiga kura, kuanzia Ijumaa tarehe 11 Oktoba hadi Jumapili tarehe 20 Oktoba, 2024. Aliyeziacha siku hizo kumi zipite hakuweza kupiga kura mwezi Novemba, na nafasi ya kuwachagua viongozi hao hairudi mpaka miaka mitano iishe.

Tangu maandalizi ya uchaguzi huo yaanze, swali moja lilikuwa likisikika mara nyingi katika ofisi za kata na vijiji: "Mimi ninayo kadi ya mpiga kura. Nijiandikishe tena ya nini?" Swali hilo ni la haki, wala aliulizaye hapaswi kuchekwa. Jibu lake ndilo kiini cha somo hili: kadi ya mpiga kura haimwingizi mtu katika orodha ya wapiga kura wa kijiji chake. Orodha hiyo ni nyingine, huandikwa upya kwa ajili ya uchaguzi huu, na kila anayetaka kupiga kura hana budi kufika mwenyewe aandikwe.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji anatarajiwa aweze kutofautisha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura na orodha ya wapiga kura wa Serikali za Mitaa. Aeleze ni nani anayestahili kuandikishwa na ni wapi. Afuate hatua za kujiandikisha na kupiga kura bila kusukumwa wala kudanganywa. Na aeleze kwa nini kura ya kitongoji ina uzito katika maisha yake ya kila siku.

Chaguzi mbili, vitabu viwili

Nchi yetu ina chaguzi mbili ambazo kila moja hufanyika baada ya miaka mitano. Wa kwanza ni Uchaguzi Mkuu, ambao kwa Tanzania Bara huwachagua Rais, Wabunge na Madiwani. Uchaguzi huo husimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, nao hutumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Mtu akiandikishwa katika daftari hilo hupigwa picha, huchukuliwa alama za vidole, kisha hupewa kadi.

Wa pili ni Uchaguzi wa Serikali za Mitaa, unaotangulia Uchaguzi Mkuu kwa takribani mwaka mmoja. Huu huwachagua Mwenyekiti wa Kijiji, wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji na Mwenyekiti wa Kitongoji. Na kwa maeneo ya miji, Mwenyekiti wa Mtaa na wajumbe wa Kamati ya Mtaa. Wakazi wa Mamlaka ya Mji Mdogo, ambako hakuna vijiji, humchagua Mwenyekiti wa Kitongoji. Mwaka 2024 uchaguzi huu ulisimamiwa chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI, kwa kanuni zake maalumu. Hautumii Daftari la Kudumu. Hutumia orodha ya wapiga kura inayoandikwa katika kila kitongoji na kila mtaa, ambayo baadhi ya watu wamezoea kuiita daftari la mkazi.

Mwaka 2024 wananchi walipata sababu zaidi ya kuchanganya mambo hayo mawili. Tarehe 20 Julai, 2024, uboreshaji wa Daftari la Kudumu ulizinduliwa mkoani Kigoma, na tangu hapo kazi hiyo ilikuwa ikihama kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine kwa ratiba ya Tume. Hivyo kulikuwa na watu walioandikishwa na Tume muda mfupi kabla, wakapigwa picha na kupewa kadi mpya, nao wakaona kazi imekwisha. Kazi ya Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2025 walikuwa wameifanya vyema. Kazi ya Novemba 2024 ilikuwa bado.

Kinyume chake nacho ni kweli. Asiye na kadi ya mpiga kura, iwe hakupata kuandikishwa na Tume au kadi yake imepotea, hazuiwi kuandikishwa katika orodha ya kitongoji chake. Na aliyeandikwa katika orodha ya kitongoji asidhani kwamba jina lake limeingia katika Daftari la Kudumu. Anayetaka kupiga kura katika chaguzi zote mbili ajiandikishe mara mbili, kila mahali kwa wakati wake.

Kwa nini kura hii ina uzito

Wapo wanaosema kwamba uchaguzi wa kitongoji ni mdogo, kwamba wakubwa huchaguliwa mwaka unaofuata. Tutazame mambo matatu.

Jambo la kwanza ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaipa Halmashauri ya Kijiji jukumu la kuisimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji wote. Halmashauri hiyo hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo ndiyo kinga ya shamba la mkulima mdogo, hutolewa na Halmashauri ya Kijiji, na Mwenyekiti wa Kijiji ni mmoja wa wanaoitia saini. Majirani wakigombania mpaka, shauri hupelekwa katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu kati yao wakiwa wanawake. Wajumbe hao hupendekezwa na Halmashauri ya Kijiji na kuthibitishwa na Mkutano Mkuu. Basi anayemchagua mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji anachagua pia mkono utakaoshika kalamu siku mpaka wa shamba lake utakapoandikwa.

Jambo la pili ni fedha na kazi za pamoja. Michango ya ujenzi wa madarasa, ada za minada, matumizi ya fedha za kijiji na sheria ndogo za kuhifadhi vyanzo vya maji, yote hupita katika Halmashauri ya Kijiji na kufikishwa mbele ya Mkutano Mkuu. Hata kaya zinazonufaika na TASAF hutambuliwa katika mkutano wa jamii. Mkutano Mkuu wa Kijiji unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Mwenyekiti mzuri huitisha mkutano kwa wakati na kuacha watu waulize. Mwenyekiti asiyefaa huuahirisha mpaka watu wasahau walichotaka kuuliza.

Jambo la tatu ni shida za kila siku. Anayefungua akaunti benki, anayeomba Kitambulisho cha Taifa, anayefuatilia mirathi ya marehemu mzazi wake, na hata anayemdhamini ndugu yake, huanzia kwa mwenyekiti au mtendaji kuomba barua ya utambulisho. Hapa inafaa kukumbusha kwamba Mtendaji wa Kijiji ni mwajiriwa, huyo hatumchagui. Mwenyekiti ndiye tunayemchagua, na kwake ndiko wananchi wanakoanza kudai uwajibikaji.

Tuchukue mfano. Mjane mmoja amebakiwa na shamba la ekari mbili, na shemeji zake wanausogeza mpaka kila msimu. Amekwisha kuamua nani anafaa kuwa mwenyekiti: yule ambaye huitisha vikao na kusikiliza pande zote. Siku ya kura anaamka alfajiri, anavaa kitenge chake cha heshima, anaichukua kadi yake ya mpiga kura na kupanga foleni. Anapofika mezani, msimamizi anapekua orodha mara mbili. Jina halimo. Anarudi nyumbani na kadi yake. Mwaka unaofuata shauri lake linafika mbele ya baraza ambalo wajumbe wake wamependekezwa na halmashauri ambayo yeye hakuichagua. Mfano huu ni wa kufikirika, lakini hakuna hata sehemu yake moja isiyoweza kutokea. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Msomaji kijana pengine hajui kwamba nchi hii iliwahi kuishi bila serikali za mitaa. Zilifutwa mwaka 1972, madaraka yakapelekwa mikoani chini ya watumishi wa Serikali Kuu. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na miaka michache baadaye Ibara za 145 na 146 za Katiba zikaziwekea msingi na kusema wazi kwamba madhumuni yake ni kuwapa wananchi madaraka. Haki iliyowahi kuondoka na kurudi haifai kuachwa ipite kwa sababu ya foleni ya nusu saa.

Nani anastahili kuandikishwa

Masharti ni machache. Anayeandikishwa awe raia wa Tanzania. Awe ametimiza umri wa miaka 18. Awe mkazi wa kitongoji au mtaa anakojiandikishia. Na asiwe na ugonjwa wa akili uliothibitishwa na daktari. Sharti la elimu halipo. Sharti la kuwa mwanachama wa chama cha siasa halipo kwa mpiga kura. Sharti la kulipa mchango wowote wa kijiji halipo, na yeyote atakayekuambia ulipe kwanza ndipo uandikwe, mripoti kwa Msimamizi Msaidizi wa Uchaguzi katika kata yako. Kujiandikisha ni bure.

Neno linaloleta ubishi zaidi ni "mkazi". Mkazi ni yule anayeishi mahali hapo na kuendesha maisha yake ya kawaida hapo. Kuzaliwa kijijini hakutoshi ikiwa umekwisha kuhamia mjini. Kuwa na shamba au nyumba ya kupangisha katika kitongoji hakutoshi ikiwa unalala na kuamka kwingine. Vilevile mpangaji si mgeni: aliyepanga chumba na kuishi hapo ni mkazi sawa na mwenye nyumba wake.

Kwa sababu hiyo, yapo makundi ambayo husahauliwa, au hujisahau yenyewe. Msichana wa kazi za nyumbani aliyetimiza miaka 18 ni mkazi wa mtaa anaofanyia kazi, na mwajiri wake anapaswa kumpa ruhusa. Mwalimu, muuguzi na askari waliohamishiwa wilayani ni wakazi wa pale wanapoishi sasa. Wavuvi wanaolala dagoni na wafugaji wanaohama na mifugo wajiandikishe kwenye makazi yao ya kawaida, nao wapange safari zao wakijua kwamba siku za uandikishaji wanahitajika kituoni angalau kwa nusu siku, na tena siku ya kupiga kura. Mwanafunzi wa chuo aangalie kalenda yake kabla ya kuchagua: akijiandikisha nyumbani kwao ilhali siku ya kura atakuwa chuoni, hatapiga kura, kwa kuwa anayeandikwa mahali pamoja hawezi kupigia kura mahali pengine.

Jambo hilo lirudiwe: mtu huandikwa mahali pamoja tu. Kujiandikisha mara mbili ni kosa, na kutoa taarifa za uongo kuhusu umri, uraia au makazi ni kosa pia.

Hatua za kujiandikisha

Kwanza, kijue kituo chako. Vituo vya kuandikisha vimewekwa katika ngazi ya kitongoji na mtaa, katika shule, ofisi za umma na sehemu nyingine za wazi. Usiende kituo kilicho karibu zaidi na shamba lako. Nenda kituo cha kitongoji unachoishi. Mipaka ya vitongoji hutangazwa. Mwenye shaka, hasa anayeishi mpakani au katika kitongoji kilichogawanywa karibuni, aulize ofisi ya kijiji kabla ya uandikishaji kuanza. Mwenyekiti wa Kitongoji huchaguliwa na wakazi wa kitongoji hicho peke yao, kwa hiyo kukosea kituo ni kumchagulia jirani mwenyekiti wake na kumkosa wako.

Pili, nenda mwenyewe. Vituo hufunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 12:00 jioni. Haruhusiwi mtu kumwandikisha mumewe, mkewe wala mtoto wake. Mzee au mgonjwa asiyeweza kutembea peke yake asaidiwe kufikishwa kituoni. Ndani ya siku kumi za mwaka 2024 zilikuwamo Jumamosi mbili na Jumapili mbili, pamoja na Jumatatu ya tarehe 14 Oktoba, Siku ya Mwalimu Nyerere, ambayo ni sikukuu ya taifa. Mwenye kazi ya ajira au genge la sokoni hakukosa walau siku moja kati ya hizo.

Tatu, toa taarifa zako. Mwandikishaji atakuuliza jina lako kamili, umri na makazi, atayaandika, nawe utaweka saini au alama ya dole gumba. Hutapigwa picha na hutapewa kadi. Taja jina lilelile linaloonekana katika kitambulisho utakachokwenda nacho siku ya kura. Watu wengi hujulikana kijijini kwa jina la utani au kwa jina la mtoto wa kwanza. Mama aliyeandikwa kwa jina la mwanawe, kisha akaja na kitambulisho chenye jina la ubini, ataleta usumbufu kwake na kwa wanaomfuata foleni.

Nne, hakikisha kabla ya kuondoka. Muombe mwandikishaji akusomee jina lako kama alivyoliandika. Kosa la herufi moja hurekebishwa palepale kwa sekunde chache. Likigunduliwa siku ya kura, huchukua muda na pengine hoja nyingi.

Usingoje siku ya mwisho. Uzoefu wa kila uandikishaji ni mmoja: siku tatu za mwanzo mwandikishaji hukaa akisubiri watu, na siku ya mwisho watu hukaa wakimsubiri yeye.

Baada ya kujiandikisha

Uandikishaji ukiisha, orodha ya wapiga kura hubandikwa mahali pa wazi ili kila mtu aikague. Kipindi hiki hupuuzwa na wengi, nacho ndicho nafasi ya mwisho ya kusahihisha. Nenda utafute jina lako, la mwenzi wako na la mzazi wako asiyejua kusoma. Ukikuta jina limeachwa au limekosewa, peleka taarifa mara moja kwa mwandikishaji au kwa Msimamizi Msaidizi wa Uchaguzi. Ukiona jina la mtu asiyestahili, kwa mfano aliyehama, aliyefariki dunia au mtoto ambaye hajatimiza umri, unayo haki ya kuweka pingamizi kwa utaratibu uliowekwa. Pingamizi lisiwe chombo cha kulipiza kisasi. Liambatane na sababu.

Mwaka 2024 waliotaka uongozi walichukua na kurejesha fomu kuanzia tarehe 26 Oktoba hadi tarehe 1 Novemba, na uteuzi ulifanyika tarehe 8 Novemba. Mgombea awe na umri wa miaka 21 au zaidi, awe mkazi wa eneo husika, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na shughuli halali ya kumpatia riziki, na awe amedhaminiwa na chama chake cha siasa. Wanawake wazingatie kwamba Halmashauri ya Kijiji huwa na wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na kwa sheria robo yao angalau ni wanawake. Hiyo robo ni kima cha chini. Hakuna sheria inayowazuia kuwa nusu au zaidi, wala inayowazuia kugombea uenyekiti.

Mwaka 2024 kampeni zilianza tarehe 20 Novemba na kumalizika tarehe 26 Novemba. Zilikuwa siku saba tu, basi nenda ukiwa na maswali tayari. Kwa mgombea wa kijiji, maswali matatu yanatosha kumpima: Mkutano Mkuu utauitisha lini na lini? Taarifa ya mapato na matumizi utaibandika wapi? Ukiombwa kugawa ardhi ya kijiji, utafanya nini kwanza? Anayejibu kwa kugawa sukari, vitenge au noti za elfu mbili hajajibu. Na anayepokea ameiuza miaka mitano kwa thamani ya mlo mmoja. Kutoa na kupokea hongo katika uchaguzi ni makosa yote mawili.

Siku ya kupiga kura

Vituo vya kupigia kura hufunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Aliyekwisha kufika katika foleni wakati wa kufunga asiondoke. Huruhusiwa kupiga kura.

Chukua kitambulisho chochote kinachokubalika: kadi ya mpiga kura, Kitambulisho cha Taifa, leseni ya udereva, hati ya kusafiria, kadi ya bima ya afya, kitambulisho cha mfuko wa hifadhi ya jamii, cha kazini, cha shule au cha chuo. Hapa ndipo kadi ya mpiga kura inapopata kazi yake katika uchaguzi huu: inathibitisha kwamba wewe ndiwe yule aliyeandikwa. Haithibitishi kwamba umeandikwa. Asiye na kitambulisho chochote asibaki nyumbani. Afike kituoni, ambapo utambulisho wake waweza kuthibitishwa na wakazi wenzake kwa utaratibu uliowekwa. Huu ni uchaguzi wa majirani, na majirani wanajuana.

Ukishapatikana katika orodha, utapewa karatasi za kura za nafasi zinazogombewa. Usizikimbilie: hakikisha unajua ipi ni ya Mwenyekiti wa Kijiji, ipi ya Mwenyekiti wa Kitongoji na ipi ya wajumbe. Nenda sehemu ya siri, weka alama ya vema (√) kwa mgombea unayemtaka, ikunje karatasi na uitumbukize katika sanduku lake. Usiandike jina lako wala saini yako kwenye karatasi. Ukiharibu karatasi kwa bahati mbaya kabla ya kuitumbukiza, mweleze msimamizi. Mahali ambapo mgombea ni mmoja tu, wapiga kura humpigia kura ya "Ndiyo" au "Hapana". Basi hata kitongoji chenye mgombea pekee kina sababu ya kwenda kituoni.

Wajawazito, mama wenye watoto wachanga, wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu hupewa kipaumbele. Asiyeona au asiyejua kusoma anaweza kusaidiwa na mtu anayemwamini, na chaguo la msaidizi ni la mpiga kura mwenyewe. Kura ni siri: mume hana haki ya kuuliza mke wake amempigia nani, wala mwajiri hana haki ya kumuuliza mtumishi wake.

Kura zikimaliza kupigwa, huhesabiwa kituoni mbele ya mawakala wa wagombea, na matokeo hutangazwa na kubandikwa. Asiyeridhika ana njia ya kisheria ya kupinga matokeo mahakamani ndani ya muda uliowekwa. Njia hiyo ndiyo inayofaa. Kijiji kitaendelea kuwa kijiji baada ya uchaguzi, na waliopigana leo watachota maji kisima kimoja kesho.

Miaka mitano inayofuata

Kazi ya mpiga kura haimaliziki sandukuni. Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, awe alijiandikisha kupiga kura au hakujiandikisha. Mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu katika sera za kijiji. Wanaohudhuria wakiwa wachache, uamuzi hubaki mikononi mwa wachache. Nao wasiohudhuria huja kulalamikia ofisini kwetu mambo yaliyokwisha kupitishwa kwa majina yao.

Tarehe za kukumbuka

Kujiandikisha: 11 hadi 20 Oktoba, 2024.
Wagombea kuchukua na kurejesha fomu: 26 Oktoba hadi 1 Novemba, 2024.
Uteuzi wa wagombea: 8 Novemba, 2024.
Kampeni: 20 hadi 26 Novemba, 2024.
Kupiga kura: Jumatano, 27 Novemba, 2024.

Maswali ya kujipima na kujadiliana

1. Jirani yako ameandikishwa na Tume mwezi uliopita na kupewa kadi mpya. Anasema hana haja ya kwenda kituo cha kitongoji. Utamweleza nini?

2. Kijana wa miaka 19 amepanga chumba mjini anakofanya kazi ya bodaboda, lakini kila mwisho wa mwezi hurudi kijijini kwa wazazi wake. Ajiandikishe wapi, na kwa nini?

3. Mjane wa mfano wetu angeweza kufanya nini kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba, na nini tena orodha ilipobandikwa, ili asirudishwe nyumbani?

4. Katika kijiji chako, Mkutano Mkuu uliitishwa mara ngapi mwaka uliopita? Ni nani anayepaswa kulijibu swali hilo?

Tunaomba gazeti hili lisiishie kwa msomaji mmoja. Lisomwe kwa sauti katika vikundi vya kuweka na kukopa, katika vijiwe vya kahawa, misikitini na makanisani baada ya ibada, na nyumbani kwa wazee wasioona vizuri. Na kila anayelisoma afanye jambo moja kabla ya kulala siku ya kwanza ya uandikishaji: awe amekwenda kuandikwa, au awe amepanga siku atakayokwenda na mtu atakayefuatana naye.